Macho mekundu nyumbani, na chupa mbili za dawa mkononi

SWALI

Daktari, shikamoo. Binti yangu wa miaka 7 alirudi kutoka shule Jumatatu macho yakiwa mekundu. Machozi yanamtiririka, na asubuhi kope zinagandana hadi nizilainishe kwa maji. Leo ni siku ya nne. Tangu jana na mimi jicho la kushoto linachomachoma kana kwamba limeingia mchanga. Kabatini kuna dawa ya matone iliyobaki mume wangu alipougua macho mwaka jana. Jirani naye ameniletea chupa nyingine, anasema ilimponya mwanawe kwa siku mbili. Nitumie ipi? Nitajuaje kama hii ni bakteria au virusi? Mume wangu huvaa lenzi za macho, aendelee kuzivaa? Mtoto arudi shule lini? Halafu mdogo wangu amejifungua wiki iliyopita, kichanga wake anatoka usaha machoni na ameambiwa amdondoshee maziwa ya mama. Ni ugonjwa huu huu?

JIBU

Marahaba, mama. Niwie radhi, naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lisilosubiri. Kichanga wa wiki moja anayetoka usaha machoni anatakiwa aonwe hospitali leo hii. Mpigie simu mdogo wako kwanza, kisha urudi kusoma yaliyobaki.

Sababu ni hii. Mtoto anapozaliwa hupita kwenye njia ya uzazi ya mama. Mama akiwa na kisonono au klamidia, na mara nyingi huwa hana dalili wala habari, vimelea hao huingia machoni mwa mtoto. Cha kisonono huanza kuonekana kati ya siku ya 2 na ya 5: kope zinavimba, usaha mzito unajaa, unaufuta, na baada ya dakika chache umejaa tena. Cha klamidia hukawia, kwa kawaida siku ya 5 hadi ya 14. Kinachotutisha zaidi sisi wa macho ni kisonono, maana bakteria wake ni miongoni mwa wachache wanaoweza kupenya kioo cha jicho, yaani ule utando angavu wa mbele, kikiwa kizima, bila hata mkwaruzo. Ndani ya siku moja au mbili kioo kinaweza kutoboka na jicho likapotea moja kwa moja.

Matone peke yake hayatoshi hapo. Mtoto huchomwa sindano ya antibayotiki, mara nyingi seftriaksoni, na macho yake huoshwa tena na tena kwa maji ya chumvi ya hospitali. Ikiwa ni klamidia hupewa dawa ya kunywa, kwa sababu vimelea hao hushuka hadi mapafuni na kuleta nimonia. Na wazazi wote wawili hutibiwa. Najua hapo ndipo lawama huanza kurushwa, kwa hiyo mdogo wako na mumewe waambiwe mapema: maambukizi haya yanaweza kukaa mwilini miezi mingi kimya kimya, na majibu ya kipimo hayasemi nani alianza wala lini.

Inawezekana pia likawa jambo dogo. Vichanga wengi huzaliwa mfereji wa machozi unaoshuka puani ukiwa haujafunguka. Jicho hulengalenga machozi na kuweka tongotongo, lakini sehemu nyeupe hubaki nyeupe na kope hazivimbi. Hali hiyo huisha yenyewe kwa walio wengi kabla mtoto hajafikisha mwaka, huku mama akimkanda taratibu kwa ncha ya kidole kwenye pembe ya jicho, upande wa pua. Lakini kwa mtoto aliye chini ya siku 28, tofauti kati ya hili na lile aiamue mtu aliyemshika na kumtazama, nami sijamwona.

Maziwa ya mama ni chakula bora na kinga nzuri ya mwili, ila usaha wa kisonono hauyajali. Ubaya wake mkubwa hapa ni kwamba familia inatulia ikisubiri, na saa ndizo zinazohesabika. Mwaka 1880 daktari wa uzazi Carl Credé, kule Leipzig, Ujerumani, alianza kuwadondoshea watoto wote waliozaliwa wodini kwake maji ya naitreti ya fedha. Upofu huu uliokuwa ukiwapata watoto wengi ulishuka kwa kiasi ambacho hakuna aliyekitarajia. Siku hizi hospitali nyingi huwapaka watoto mafuta ya tetrasaiklini au erithromaisini mara tu wanapozaliwa. Muulize mdogo wako kama wa kwake alipakwa. Hata kama alipakwa, usaha ukitoka aende tu.

Sasa tuje kwenye chupa zako mbili. Usitumie hata moja.

Ya kabatini imekwisha muda, hata kama tarehe iliyopigwa kwenye boksi ni ya mwakani. Tarehe ile ni ya chupa ambayo haijafunguliwa. Dawa nyingi za matone zikishafunguliwa huhesabiwa siku 28, basi. Ncha iliyogusa kope ya mgonjwa mwaka jana imebeba vijidudu vyake, na kemikali ya kuhifadhi dawa iliyomo ndani haiwezi kuvizuia milele. Tena hatujui mumeo alikuwa anaumwa nini.

Ya jirani ndiyo inayonikosesha raha. Dawa inayofuta wekundu kwa siku mbili mara nyingi ina steroidi ndani yake, peke yake au ikiwa imechanganywa na antibayotiki. Lichukue boksi usome maandishi madogo ya ubavuni. Tafuta deksamethasoni, betamethasoni, prednisoloni, haidrokotisoni au fluorometholoni. Kwenye boksi majina haya huandikwa kwa tahajia ya kigeni yakiishia na herufi s-o-n-e au l-o-n-e. Ukiona moja kati ya hayo, mrudishie jirani kwa shukrani, na umwambie nilichokuandikia.

Wekundu, uvimbe na machozi ni kazi ya kinga ya mwili inapopambana. Steroidi huinyamazisha kinga hiyo. Jicho linang'aa, mwenyewe anaamini amepona, na huku nyuma mdudu aliyeingia anaendelea kuzaliana bila wa kumzuia. Kwa virusi vya kawaida vya macho mekundu, matokeo yake ni ugonjwa kuchukua muda mrefu zaidi na kurudi dawa inapoachwa. Kwa virusi vya tutuko, vile vinavyotoa malengelenge pembeni mwa midomo, matokeo ni mabaya kupita hayo: kidonda chembamba chenye matawi kwenye kioo cha jicho hupanuka na kuwa kidonda kikubwa, na kovu lake jeupe likikaa mbele ya mboni haliondoki kwa dawa. Kwa fangasi ni hivyo hivyo. Nayo macho mekundu ya tutuko, kwa kutazama tu bila vifaa, yanaweza kufanana kabisa na ya binti yako.

Kuna na balaa la polepole. Steroidi za matone zikitumika kwa wiki kadhaa hupandisha presha ya ndani ya jicho kwa baadhi ya watu, na watoto hupandishwa upesi zaidi. Presha hiyo haiumi hata kidogo. Hula mshipa wa fahamu kuanzia pembeni mwa upeo wa kuona, na mtu hugundua wakati sehemu kubwa imeshakwenda na hairudi. Zikitumika miezi na miezi huleta pia mtoto wa jicho, hata kwa kijana wa shule. Wanaoangukia huko mara nyingi ni watoto wenye aleji ya macho ambao wazazi wao walionja ule uponyaji wa siku mbili, wakawa wananunua chupa kila macho yanapowasha.

Sina ugomvi na steroidi yenyewe. Naiandika karibu kila wiki, lakini baada ya kulikagua jicho kwa darubini, kulitia rangi ya fluoresini kutafuta kidonda, na kumpangia mgonjwa siku ya kurudi nimpime presha. Jirani hana darubini.

Umeniuliza utajuaje kama ni bakteria au virusi. Nitakupa dalili tunazozitegemea, ila ujue mapema kwamba hata sisi tukitumia macho matupu hukosea mara nyingi. Virusi hutoa machozi mengi na ute mwepesi, huanza jicho moja na kuhamia la pili baada ya siku moja mbili, na mara nyingi huandamana na mafua au koo kuwasha. Bonyeza taratibu mbele ya sikio la binti yako, pale taya linapojikunja anapofungua mdomo. Ukikuta kivimbe kidogo kinachouma, hiyo ni tezi, na inaelekeza upande wa virusi. Bakteria hutoa usaha mzito wa njano au kijani mchana kutwa. Unafuta, unajaa tena. Kope kugandana asubuhi peke yake hakutuambii mengi, kwa kuwa ute wowote ukikaa usiku mzima hukauka. Watoto hupata wa bakteria mara nyingi kuliko watu wazima, na mtoto mwenye usaha machoni huku akilalamika sikio akaguliwe na sikio.

Kwa maelezo yako, machozi yanayotiririka na wewe kufuata siku ya tatu kwa jicho moja, naegemea virusi, na mkubwa wa kundi hilo ni adenovirusi. Ana antibayotiki yoyote? Hana. Hakuna tone linalomuua. Ugonjwa hupanda hadi siku ya 3 au ya 5, kisha hushuka, na huisha ndani ya wiki moja hadi mbili, mara chache tatu. Binti yako kwa hiyo yuko kileleni. Wewe ndiyo kwanza unapanda, na usishangae jicho la kulia nalo likianza keshokutwa. Baadhi ya watu, wekundu ukishaisha, hubaki na ukungu mwepesi au taa kuonekana zimezungukwa na duara kwa wiki kadhaa. Ikitokea, nenda ukaonwe. Kwa kawaida husafika wenyewe.

Kuna aina nyingine ya virusi inayolipuka kwa kishindo, ikiacha madoa ya damu kwenye sehemu nyeupe ya jicho. Inatisha kuitazama, lakini kwa kawaida huisha ndani ya wiki hivi. Ilitambuliwa mara ya kwanza nchini Ghana mwaka 1969, mwaka ule ule chombo cha Apollo 11 kilipotua mwezini, na watu wakaubatiza ugonjwa huo jina la Apollo. Mpaka leo wazee katika nchi kadhaa za Afrika huuita hivyo.

Ikiwa kinachowatesa ni kuwasha, kuwasha kwa kweli kunakomfanya mtoto afikiche macho kutwa nzima, na macho yote mawili yalianza pamoja, na hali hii hurudi mara kwa mara, hapo tunazungumzia aleji. Haiambukizi na haina haja ya antibayotiki. Hutibiwa kwa matone ya kuzuia aleji na kwa kumzuia mtoto kufikicha.

Basi mfanye nini nyumbani? Chemsha maji, yaache yapoe, chovya pamba au kitambaa safi, futa kuanzia pembe ya jicho iliyo karibu na pua kwenda nje, mara moja, kisha tupa pamba hiyo. Jicho la pili lipate pamba yake. Kope zikiwa zimegandana usizivute. Weka kitambaa chenye maji ya vuguvugu juu yake dakika mbili tatu, zitaachiana. Kitambaa cha maji baridi hupunguza kuchoma. Matone ya machozi ya bandia, yanayouzwa bila cheti, huleta nafuu kubwa kuliko watu wanavyodhani. Parasetamoli kwa kipimo cha umri wake inatosha kwa maumivu. Usimfunge jicho kwa bandeji; joto la ndani ya bandeji hupendwa na vijidudu. Na zile dawa zinazouzwa kwa ajili ya kufanya macho kuwa meupe ziache, kwani hubana mishipa ya damu kwa saa chache, zikiisha nguvu wekundu hurudi na ziada.

Kama ute wa binti utageuka usaha mzito wa kutwa nzima, au wiki ikiisha bila nafuu, antibayotiki ina nafasi yake. Hata macho mekundu ya bakteria mara nyingi huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10. Dawa hufupisha muda na kupunguza kuambukiza. Tunayoanza nayo mara nyingi ni kloramfenikoli ya matone ya asilimia 0.5: tone 1 kila baada ya saa 2 kwa siku mbili za mwanzo mtoto akiwa macho, kisha mara 4 kwa siku, jumla ya siku 5. Dawa ya mafuta ya tetrasaiklini asilimia 1 nayo ni nzuri, hasa kwa watoto wanaolia matone yote yakatoka. Hizi mpewe na mhudumu aliyemwona mtoto, na kila mmoja awe na chupa yake.

Niseme na namna ya kutia, maana nusu ya dawa nyingi huishia shavuni. Nawa mikono. Mlaze mtoto chali. Vuta kope ya chini kwa kidole mpaka uone kijifuko chekundu kati ya kope na jicho. Chupa ikae juu bila kugusa kope wala unywele wa kope, dondosha tone moja ndani ya kijifuko hicho, achia. Afumbe macho taratibu bila kukaza, dakika moja au mbili, huku ukibonyeza pembe ya jicho upande wa pua ili dawa isishuke kooni. Uchungu wanaolalamikia watoto ulimini hutokea huko. Tone la pili ni hasara, kwa sababu jicho halina nafasi ya kubeba hata tone moja zima. Kama kuna dawa mbili, subiri dakika 5 kati yake, na ya mafuta iwe ya mwisho. Mtoto anayekaza macho, mdondoshee tone kwenye pembe ya ndani akiwa amefumba na amelala chali. Akifumbua, litaingia lenyewe.

Sasa sehemu ambayo ningependa uisome mara mbili. Kuna mambo matatu yakitokea, haijalishi mwanzo ulikuwa nini, mtu aonwe siku hiyo hiyo: maumivu ya kweli ndani ya jicho, kushindwa kuvumilia mwanga, na uoni kupungua. Macho mekundu ya kawaida huchoma, huwasha, hukera, lakini hayamfanyi mtu akae gizani ameshika kichwa. Uoni upime hivi: mtoto apepese macho au umfute ute kwanza, kisha azibe jicho moja kwa kiganja na asome maandishi madogo ya kitabu, halafu abadilishe. Jicho moja likisoma vibaya kuliko lenzake hata baada ya kufutwa, usisubiri. Tazama pia wekundu umekaa wapi. Ukiwa umetapakaa zaidi kwenye kope na pembeni, ni vyema. Ukiwa umejikusanya kama pete kuzunguka sehemu nyeusi, tatizo liko ndani zaidi, huenda ni kidonda cha kioo, uvimbe wa ndani ya jicho au presha iliyopanda ghafla, na mawili ya mwisho mara nyingi si maambukizi kabisa. Doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ni dharura. Na jicho moja tu likiwa jekundu siku nyingi bila kuhamia la pili, mimi huanza kufikiria tutuko, au kitu kilichoingia kikanasa chini ya kope ya juu.

Kwa mtoto ongeza hili: kope zikivimba sana na homa ikipanda, jicho likionekana kusogezwa mbele, au likimuuma anapolizungusha, maambukizi yanaweza kuwa yameingia nyuma ya jicho, mara nyingi kutoka kwenye mapango ya hewa yaliyo ndani ya mifupa kando ya pua. Hapo ni wodini, na dawa ni za mshipa. Kwa mtu mzima, malengelenge ya mkanda wa jeshi yakitokea kwenye paji la uso upande mmoja, hasa yakifika ncha ya pua, jicho la upande huo liko hatarini. Dawa za virusi hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72.

Mumeo. Kama macho yake ni mazima, avae miwani mpaka nyumba itulie. Kama hana miwani ya akiba, angalau kila anapogusa lenzi awe amenawa kwa sabuni na kukausha mikono. Siku atakapoona wekundu au maumivu, avue mara moja, na asichukulie kuwa amepata yenu. Kwa mvaaji wa lenzi, jicho jekundu lenye maumivu ni kidonda cha kioo mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Bakteria anayeitwa pseudomonasi hupenda sana lenzi, na anaweza kukila kioo cha jicho kwa siku moja au mbili. Kuna na amiba waishio kwenye maji ya bomba na ya kuogelea. Hao hujishikiza kwenye lenzi na huleta kidonda kinachouma kupita kiasi na kutibiwa miezi. Ndiyo maana lenzi haisafishwi kwa maji ya bomba wala kulowekwa kwa mate, hailaliwi nayo, na haiogewi nayo. Akienda hospitali aende na lenzi na kikasha chake, maabara inaweza kuvipima. Kabla hajaanza tena kuvaa, atupe lenzi alizokuwa nazo na kikasha, na jicho liwe limekuwa jeupe kwa siku kadhaa.

Kuhusu shule, sheria hutofautiana. Maoni yangu ni kwamba mtoto abaki nyumbani wakati macho yanatiririka, kwa sababu mtoto wa miaka 7 hawezi kujizuia kufuta kwa mkono kisha kushika dawati. Adenovirusi huweza kutoka machoni kwa siku 10 hadi 14, na hukaa hai juu ya vitu vikavu kwa siku nyingi, hata wiki. Hata hivyo kumzuia wiki mbili nzima akiwa hana tena machozi wala ute naona ni kuzidisha. Wengi hurudi baada ya wiki hivi. Kama ni ya bakteria na ameanza antibayotiki, siku moja au mbili za dawa hutosha.

Nyumbani kila mtu awe na taulo lake na mto wake, foronya zibadilishwe kila siku na kufuliwa kwa maji ya moto. Mikono inawe kwa sabuni na maji. Vile vitakasa mikono vya spiriti havimwezi vizuri adenovirusi. Wanja na rangi za kope ulizotumia tangu jicho lianze, tupa. Ile imani kwamba mtu huambukizwa kwa kumtazama mgonjwa haina msingi. Njia kuu ni mkono uliogusa jicho, ukagusa kitasa, ukaguswa na mkono mwingine, ukapanda jichoni.

Hukuuliza kuhusu chokea, lakini naogopa nalo litahesabiwa kwenye mkumbo huu. Kipele chenye maumivu kwenye ukingo wa kope ni tezi ya mafuta iliyoziba na kuingiwa na bakteria. Kitambaa cha maji ya moto ya kuvumilika, dakika 10 hadi 15, mara 3 au 4 kwa siku, hukiivisha na kukipasua chenyewe. Usikikamue na usichome sindano.

Na kama binti yako hupatwa na macho mekundu tena na tena, mwaka baada ya mwaka, mwombe mhudumu amgeuze kope ya juu aitazame upande wa ndani. Vikope, yaani trakoma, huanza hivyo utotoni: uambukizo unaojirudia huacha makovu ndani ya kope, na baada ya miaka kope hujikunja na kuelekeza nywele zake jichoni, zikikwangua kioo kila mtu anapopepesa. Ni ugonjwa unaoongoza duniani kwa upofu utokanao na maambukizi, na bado mtoto hutibiwa kwa dozi moja tu ya azithromaisini. Morocco, Ghana, Gambia na Malawi tayari zimethibitishwa na Shirika la Afya Duniani kuwa zimeutokomeza kama tatizo la afya ya jamii.

Mkifika siku ya saba tangu macho ya binti yaanze na hakuna unafuu wowote, mpeleke, hata kama hakuna dalili ya hatari. Beba boksi la kila dawa iliyoingia jichoni mwake, na hiyo ya jirani kama mlikwisha kuidondosha kabla ya kuniandikia. Taja lini mlitia tone la mwisho. Mkiwa mlitumia yenye steroidi, msingoje siku ya saba. Mwambieni anayewaona hivyo mwanzoni kabisa, ili alitie jicho rangi alikague kabla ya kuandika dawa nyingine.